Giga Tano na Umra ya Ummi

Ukipita mtaa wa Majengo, Nyeri, asubuhi, kabla ukungu haujainuka, utamkuta Zuena Hamisi amevaa sweta juu ya dera na shuka juu ya sweta, anasukuma mahamri. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa fundi cherehani, na amekaa hapo miaka mingi mpaka watu wa Gatitu wakija mjini huelekezana kwa jina lake: pita kwa Zuena, kata kushoto. Babu yake alifika Nyeri akiwa mpagazi wa Wazungu, akaoa msichana wa Tetu, akatulia. Kutoka kwa hao wawili Zuena alirithi mambo mawili asiyoweza kuyaacha, yaani salamu ndefu na chuki ya kuona kitu kinapotea. Lipi lilitoka kwa nani, mwenyewe hajui.

Mahamri ya Zuena hayalali. Ikifika magharibi na sinia bado lina manne matano, huyagawa kwa mlinzi wa benki, kwa mpita njia, hata kwa mtu ambaye hakuomba. "Kitu kisilale," ndiyo kauli yake. Wapo wanaoingoja magharibi makusudi, naye anawajua mmoja mmoja, na bado huwapa. Ni tabia nzuri kwa muuza mahamri. Kwa msafiri ni jambo jingine.

Dada yake mkubwa, Ummi, alikuwa mpishi wa harusi. Kuanzia Nyeri hadi Nanyuki, Mwislamu aliyetaka pilau ya maana siku ya kuoa alimtafuta Ummi kwanza, bibi harusi baadaye. Alikoroga masufuria yaliyomfika kifuani, na kila harusi aliweka kidogo kando kwa ajili ya kwenda Makka. Kisha mwaka juzi kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mkono ukalala, ulimi ukawa mzito, na miguu ambayo daktari alisema itarudi haikurudi. Alipochoka kungoja, akamwambia mwanawe Shakir auze masufuria yote. Shakir alidhani ni kwa ajili ya dawa. Ummi akamwambia ni ya nauli, na nauli yenyewe ni ya Zuena.

Dini ina mlango kwa mtu kama huyo. Asiyejiweza anaweza kufanyiwa umra na mwingine, mradi huyo mwingine awe amekwisha kujifanyia yake. Basi mapatano yakawa kwamba Zuena afike, afanye umra yake, kisha atoke hadi msikiti wa Tan'im, nje kidogo ya Makka, atie nia upya, na safari hiyo nia iwe ya Ummi. Ummi akaweka sharti moja. Alitaka kuwa kwenye simu wakati wa nia, asikie jina lake likitajwa.

"Mimi nakujua, Zuena," alisema, akivuta kila neno. "Uko na mambo mengi kwa kichwa. Utafika huko uanze kusalimiana."

"Dada, hiyo siwezi sahau hata nikilala."

Shakir ana duka la simu karibu na soko, kwa hiyo mambo ya mawasiliano yakawa yake. Simu ya Zuena ilikuwa ya zamani, haiwezi kupokea eSIM, akampa ya kwake. Akamweleza kwamba eSIM ni laini isiyo na kadi. Inaingia kwenye simu kwa kupiga picha mraba mmoja wa madoadoa, kisha inalala humo mpaka utue Saudia ndipo iamke. Laini yake ya kila siku ingebaki mahali pake, ila asiiwashie data wala kupiga nayo huko ugenini, maana dakika chache tu zingekula faida ya mahamri ya wiki nzima.

"Hapa kuna giga tano, mama mdogo. Ni za siku kumi na tano. Tumia pole pole."

"Sawa, baba."

"Umesikia nimesema siku kumi na tano?"

"Si nimesema sawa."

Alisikia. Sikio lilisikia, mazoea ndiyo hayakusikia, na mazoea yana taabu. Maisha yake yote Zuena amenunua data kwa mtindo wa hapa kwetu, ya shilingi ishirini, ya saa moja, au ile ya siku inayokufa saa sita ya usiku uwe umeimaliza au hujaimaliza. Mtu aliyezoea data ya namna hiyo huiona kama maziwa ambayo yasiponywewa leo yatamwagwa kesho. Kichwani mwake, siku kumi na tano zilikuwa siku kumi na tano za giga tano tano, kila asubuhi sinia jipya.

Waliondoka kundi la watu wa Nyeri, Karatina na Kagio, wakiongozwa na Ustadh Abdulatif, mwalimu wa madrasa, mtu mpole mwenye msimamo. Hata kabla hawajapanda basi la kwenda Nairobi aliwaambia kwamba simu ni fitina ya ibada, waziache zipumzike. Walifika Makka salama. Zuena alifanya umra yake kwa machozi mengi, akapunguza ncha ya nywele zake, akarudi hotelini miguu imevimba na sweta la Nyeri likiwa mkononi, maana alilivaa mpaka Jeddah kwa kutoamini habari za joto.

Alasiri akajinyoosha kitandani, akatazama simu. Data karibu yote ilikuwepo, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Akakaa wima.

Wa kwanza kupigiwa alikuwa Beth, binti wa shangazi yake, mkulima wa Wamagana na mama wa kanisa. Beth alikuwa anakama ng'ombe. Aliiegemeza simu kwenye ndoo akasema anaona.

"Ati lifti inaongea?"

"Inaongea Kiarabu. Ngoja uisikie."

Akapanda na lifti mpaka juu kabisa, akashuka nayo, akapanda tena kwa sababu Beth alikuwa ameita majirani nao waisikie. Baada ya Beth wakafuata akina mama wa Majengo, mmoja baada ya mwingine, maana huwezi kumsalimu huyu ukamruka yule. Akawaonyesha dirisha, zulia la ukumbini, na bafu lenye mlango wa kioo na mfereji unaotoa maji bila kuguswa. Mama Munene, muuza mboga wa Gatitu, aliomba kuuona mfereji huo mara ya pili. Katikati ya simu hizo Zuena alipiga video ndefu ndefu na kuzituma kwenye kundi la mtaa. Kwa Ummi hakupiga. Ummi hulala mapema kwa sababu ya dawa, na tena kwake alikuwa ameweka kikubwa zaidi. Data ilipokatika, Zuena alilala usingizi mzuri wa mtu aliyegawa sinia lote.

Asubuhi basi likawapeleka Tan'im, yeye na wenzake waliotaka umra ya pili. Zuena aliingia upande wa wanawake, akaswali rakaa mbili, akatoa simu na kumpigia Ummi. Simu haikwenda. Akaiinua juu, akasogea dirishani, akatoka nje, akaizima na kuiwasha. Hakuna mtandao. Ndipo ujumbe wa Kiingereza alioupuuza usiku, ule uliotaja giga tano na neno moja la kumalizika, ukamjia vizuri akilini.

Abdulatif alikuwa hatua chache tu kutoka pale, simu yake mfukoni. Zuena angemwomba amgawie mtandao kidogo, na angepewa. Aliona haya. Alikumbuka maneno yake kuhusu fitina, akaona hawezi kwenda kumweleza mwalimu wa watoto wake kwamba data ya umra ameimaliza kwa lifti. Akazidi kubonyeza. Dereva akapiga honi, wenzake wakaanza kupaza sauti, "Labbaika," naye akaipaza pamoja nao huku kidole kikiwa bado juu ya jina la Ummi, akaingia kwenye basi.

Alizunguka Kaaba, akatembea Safa na Marwa, akakamilisha kila kitu kama alivyofundishwa. Kila mzunguko alimfikiria Ummi, lakini alimfikiria jinsi mtu anavyomfikiria mdai anayemngoja mlangoni.

Wifi ya hoteli ilishika pale chini mapokezi peke yake. Zuena alikaa kwenye kochi, akapiga. Shakir akapokea na kumgeuzia mama yake simu. Ummi alikuwa kwenye kiti chake, amevikwa nguo nyeupe na kugeuzwa kibla, na chetezo cha ubani kilikuwa sakafuni, kimeshazimika.

"Tulingoja, mama mdogo," Shakir alisema kutoka pembeni. "Mama amekataa hata chai."

"Data iliisha."

"Giga zote?" Shakir aliuliza.

Ummi alimtazama mdogo wake. "Beth amenipigia kuniambia vile lifti inaongea," akasema. "Mama Munene amekuja hapa kuniambia vile bafu inakaa. Watu wote wameona Makka."

"Nisamehe, dada."

"Hiyo imeisha. Ulinitaja?"

Lilikuwa swali linalojibiwa kwa neno moja, na neno hilo Zuena alikuwa nalo tayari mdomoni. Kabla hajalisema alijirudisha Tan'im akilini, akatafuta dakika ile. Alisikia sauti za wenzake, akasikia na yake, akaona kidole chake kwenye kioo cha simu. Jina hakulisikia. Labda alilitaja. Hata kama hakulitaja, Abdulatif aliwafundisha kwamba nia ni ya moyo na ulimi huifuata tu, lakini moyo wake wakati ule ulikuwa wapi kama si ndani ya simu?

"Nilikuwa nakufikiria tu wewe," akasema.

"Sijauliza hiyo."

Wageni walikuwa wakipita na mizigo yao, karani wa mapokezi akicheka na mtu. Zuena aliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu mzima. Alikuwa amekula masufuria ya dada yake, yote, kwa jioni moja. Na angesema ndiyo tu, Ummi angeamini, na hakuna binadamu ambaye angekuja kumsuta.

"Sikumbuki, dada," akasema. "Kusema ukweli sikumbuki kama nilikutaja."

Ummi alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka Shakir akainama kumtazama kama yuko sawa. Alipoyafumbua hakuwa na hasira usoni, au kama alikuwa nayo, ule upande uliolala uliificha.

"Basi umra hiyo ni yako," akasema. "Mungu akupokelee. Sasa urudi Tan'im."

"Nitarudi leo leo. Shakir aniwekee data, nikifika nikupigie."

"Naweka saa hii, mama mdogo," Shakir alisema. "Uko na wifi hapo, itaingia tu."

Ummi akainua mkono wake mzima. "Wewe weka, si mbaya. Lakini simu aiache kwa chumba."

Zuena hakuelewa. "Nikiiacha, utasikia aje?"

"Anayefaa kusikia si mimi, Zuena."

Kisha akamwambia Shakir amletee chai.

Abdulatif alipoelezwa, na safari hii Zuena alimweleza yote pamoja na lifti, hakumkemea. Alimtafutia gari la kwenda Tan'im, akamwambia amwagie miguu maji kwanza. Jua lilikuwa utosini. Zuena alipanda chumbani, akaikuta data mpya imeshaingia, giga nyingine tano, nzima, na Beth tayari ameuliza kwa ujumbe kama leo ataonyesha soko. Akaiweka simu juu ya mto, kioo kikitazama chini, akafunga mlango.

Msikitini aliswali rakaa zake mbili taratibu. Akabaki amekaa, mikono mitupu mapajani, mpaka alipoona moyo wake umetulia mahali pamoja. Hapo akatia nia kwa sauti, labbaika kwa umra, kwa niaba ya Ummi. Akaona kina Ummi ni wengi duniani. Akasema tena, Ummi binti Hamisi, wa Majengo, Nyeri, yule mpishi, aliyepooza upande wa kulia.

Mwanamke aliyekaa kando yake aligeuka kumtazama. Zuena hakumsalimu. Alilitaja jina mara nyingine, akainuka, akaenda kutafuta gari.