Kodi ya Mbuzi Niliyoitunga Mwenyewe

Mara ya kwanza tulipoitwa kupiga kura Kamina, mjomba wangu aligombea kiti cha baraza, nami karani wa stesheni nikawa mpiga debe wake. Tulianza kwa adabu. Mjomba alihubiri visima na shule. Watu wakapiga miayo. Miye subira sina. Jumapili moja baada ya misa nikapanda juu ya sanduku la bia, nikapaza sauti: "Wale wengine wakishinda, kila mbuzi atalipiwa kodi! Hata aliye tumboni mwa mama yake!"

Loo! Miayo ilikatika papo hapo. Hakuna aliyeuliza nimeisikia wapi. Kufika Jumatano, wazee waliokuwa wakitupita bila salamu walimshika mjomba kwa mikono miwili. Ulikuwa uongo mtupu, na niliona fahari, sifichi.

Jumamosi nikapanda baiskeli kwenda kwa baba kijijini, njia ya Kaniama. Huko ndiko walikokuwa mbuzi wangu wa mahari. Bila hao, baba wa mchumba wangu alishasema wazi kwamba binti hatoki. Kabla sijafika nikasikia harufu ya nyama na vicheko. Kijiji kizima kilikuwa kinatafuna.

"Mutoto yangu, kuya kula!" baba akaniita, midomo inang'aa mafuta. "Bale bantu ba kodi batakuta mifupa tu!"

"Baba, mbuzi wangu wako wapi?"

"Njo hii iko ku sahani," akanionyesha nyama.

"Wote?"

"Ata ile ilikuwa na mimba."

Nikamwambia hakuna kodi yoyote, ni porojo. Akacheka, akanipigapiga bega. "Weye nyamaza. Hii habari ilitoka mujini, kwa karani mumoja wa akili sana."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikakaa chini, nikala mahari yangu kwa bukari, ule ugali wetu, na nakiri ilikuwa tamu.

Mjomba alishinda kwa kishindo. Siku ya sherehe yake miye nilikuwa kwa mchumba wangu, nikimweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akafuta machozi.

"Utaningoja?" nikamuuliza.

"Kwanza mwambie baba. Naye alichinja wake wote. Yuko nyuma ya nyumba, nenda sasa hivi."

Nikaenda. Mzee alinisikiliza hadi mwisho bila kupepesa jicho. Akaniambia nitafute mbuzi wengine, idadi ileile, kisha niongeze wawili.

"Hao wawili ni wa nini, baba?"

"Ya kodi," akasema.