Mwaka Mama Alipomlilia Bibi

Mpunga unapokaribia kuiva, punje zikiwa bado na umajimaji ndani, watu wa delta huvuna kidogo kwa ajili ya pepeta. Punje hukaangwa chunguni mpaka zianze kuruka, kisha hutiwa kinuni zingali za moto na kutwangwa mpaka zilale bapa. Harufu yake ni ya majani mabichi na moshi kwa pamoja. Mwezi uliopita mkaza mwanangu aliniletea pepeta katika kikapu hapa Kibiti ninapoishi sasa, na nilipofunua kitambaa niliinama nikaivuta harufu yake, mpaka akaniuliza kama imeharibika. Haikuharibika. Wengine harufu hii huwakumbusha furaha ya mavuno. Mimi hunikumbusha kilio cha mama yangu, na kila nikikikumbuka kilio kile humshukuru Mwenyezi Mungu. Nivumilieni niwaeleze kwa nini.

Tulikuwa tunakaa Maparoni, kijiji cha huko delta. Baba alilima mpunga na kukata boriti za mikoko, na jioni alifundisha watoto Kurani katika chuo kilichokuwa ubavuni mwa nyumba yetu, ndiyo maana kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama alipokuwa amemkasirikia. Mimi Somoe nilikuwa mtoto wao pekee, na wakati wa mambo haya nilikuwa na miaka kama kumi.

Mama yangu, Bi Tatu, alikuwa na maradhi yaliyokuja kwa sura mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbio. Hakulala, hakunyamaza, na mikono yake haikutulia. Mwaka mmoja alimwaga mbegu yote ya mpunga katika siku moja, nyingine shambani na nyingine njiani, kisha akagawa sufuria zetu kwa majirani mmoja baada ya mwingine huku akicheka, na baba akapita nyumba kwa nyumba kuziomba zirudi. Sura ya pili ilikuja baada ya hiyo, nayo ndiyo niliyoiogopa zaidi. Mama alilala kitandani akiutazama ukuta, haogi, hali, na ukimwita hugeuka polepole kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto.

Majirani walisema ni pepo. Baba hakubishana nao. Alimsomea dua kwa miezi mingi, na alipoona hali inazidi alisema kuwa Mungu aliyeleta maradhi ndiye aliyeleta na dawa, na kwamba kuitafuta ni ibada pia. Akampandisha mama kwenye boti mpaka Nyamisati, wakapata gari huko, wakaenda hospitali. Walirudi na vidonge katika kopo.

Vidonge vile vilifanya kazi. Nasema hivi kwa haki, maana vilitutoa mahali pabaya. Mbio zikakoma, na mama akaacha kuutazama ukuta. Aliamka, akapika, akafagia, akaswali kwa wakati. Baba alichinja kuku wa shukrani. Mimi nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwa kuwa sikuhitaji tena kusikiliza nyayo zake.

Ila baada ya miezi michache nikaanza kugundua kuwa mama hana neno lingine isipokuwa "haya". Nikimwambia nina njaa, haya. Nikimwambia nimemaliza juzuu, haya. Mama aliyekuwa mcheshi kupita wanawake wote wa Maparoni, ambaye wakati wa kuamia ndege alikaa nami juu ya dungu shambani akiwatukana shorebwanda kwa majina ya mawifi zake, sasa aliwatazama wakitua kwenye mpunga kama vile mpunga ni wa watu wengine.

Nami nikafanya jambo ambalo leo linanichekesha. Nilianza kutafuta kugombezwa. Nilivunja mtungi wa maji makusudi. Nilipasua khanga yake ya sikukuu nikatengeneza mwanasesere, nikaenda kumwonesha. Nilikaa siku nzima bila kuoga, nikapita mbele yake mara tatu na magaga yangu ya tope. Mama alinitazama, akasema haya.

Katika hali hiyo ndipo bibi, mzaa mama, alipofariki. Mama alikuwa amelelewa naye peke yake, na walipendana kama marafiki. Siku ya msiba wanawake walijaa ndani wakilia, na mama akakaa katikati yao juu ya jamvi, macho makavu, mikono mapajani. Aliletewa chai akanywa. Aliulizwa sanda iko wapi, akaonesha. Jirani yetu Bi Havijawa, mwanamke mwema mwenye sauti kubwa, aliwaambia wenzake kuwa hii ndiyo subira ya kweli, mwenye masikio na asikie. Habari ikaenea. Baba mwenyewe, katika mawaidha ya siku ya tatu, alimtaja mkewe kuwa mfano wa mtu aliyeridhika na hukumu ya Mola wake. Nilijivuna. Nikaamini kwamba mama amekuwa walii.

Baada ya hitima nilimsikia mama akimwambia baba, kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka, "Baba Somoe, mimi sisikii kitu. Najua mama amekufa, lakini sisikii kitu."

Baba akamjibu kuwa huo ni utulivu wa moyo, ambao watu huuomba usiku na mchana wasiupate. Mama akasema haya.

Mwezi uliofuata walikwenda kuchukua vidonge vingine, nami nikachukuliwa kwa kuwa nilikuwa na jipu la sikio. Yule daktari wa siku zote hakuwepo. Alikuwepo daktari mwanamke aliyekuja kutoka Dar es Salaam kwa majuma machache, mfupi, mwenye miwani, na alimwita mama "dada yangu". Baba alimweleza kuwa mgonjwa amepona kabisa, wanachotaka ni vidonge tu, kwani boti haimsubiri mtu.

Daktari akamuuliza mama mara ya mwisho amecheka lini. Mama akafikiri mpaka sisi wote tukaona haya kwa niaba yake. Ndipo daktari akanigeukia mimi.

"Na wewe, mama anakugombeza?"

"Hanigombezi," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata nikivunja mtungi."

Baba akatabasamu kwa fahari. "Unaona, daktari. Amekuwa mpole ajabu."

"Mwalimu," akasema daktari, akivua miwani, "mtoto wa miaka kumi anavunja mtungi na hagombezwi, na wewe unaniambia nyumbani hakuna mgonjwa?"

Ndipo mama akasema maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake mwaka mzima. Alisema kwamba hana huzuni, lakini hana na furaha. Chakula hakina ladha, na anaposwali midomo inasoma lakini moyo haupo. Alisema alimzika mama yake kama anayefunga mzigo wa kuni. Kisha akauliza kama kuna dawa ya kumzuia asikimbie, asianguke, na hapohapo imwachie moyo wake.

Daktari hakumwahidi. Alisema ipo dawa nyingine inayowafaa baadhi ya watu wenye maradhi haya ya sura mbili, na kwamba watajaribu, wakipunguza ile ya kwanza kidogo kidogo, na ikikataa watatafuta tena. Asili yake, alisema, ni aina ya chumvi. Baba alishtuka sana. Mwaka ule maji ya chumvi yalikuwa yamepanda na kuunguza sehemu ya shamba letu, na akauliza kwa adabu inakuwaje kitu kinachoua mpunga kimponye mkewe. Daktari akacheka, akasema chumvi zina koo nyingi kama watu. Lakini alipotoa masharti hakucheka. Mama anywe maji ya kutosha kila siku, apimwe damu kila alipoambiwa, na asikae na kiu mchana kutwa. Baba akauliza kuhusu Ramadhani. Daktari akasema akiwa na dawa hii asifunge. Baba akainamisha kichwa, akasema mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake. Mwisho akamfundisha baba maswali ya kumuuliza mama akiona amebadilika, akamtaka ayarudie mpaka ayajue, na baba akayarudia kama mwanafunzi wa chuoni.

Miezi miwili ya kwanza sikuona kitu ila mkono wa mama uliotetemeka kidogo aliposhika kikombe. Halafu mpunga ukakaribia kuiva.

Siku hiyo mama na Bi Havijawa walikuwa wanatwanga pepeta uani, wakipokezana michi, mmoja akipandisha mwenzake akishusha. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na kinu. Mara mchi wa mama haukushuka. Aliusimamisha, akainama juu ya kinu akavuta ile harufu, akasema kama mtu aliyeletewa habari sasa hivi, "Mama amekufa."

Kisha akapiga ukelele. Alilia kwa mwili mzima, akamtaja bibi kwa jina lake, akakaa chini kwenye makapi. Wanawake wakaja mbio kutoka kila upande wakidhani kuna maiti. Bi Havijawa akamshika mikono kwa nguvu, akasema maradhi yamerudi, na akanituma nikalete vidonge vya zamani vilivyobaki, apewe haraka kabla hajaanza kukimbia. Nilikwenda. Nililijua kopo lilipo, juu ya kabati la vyombo. Nililichukua na kusimama nalo mlangoni, kwa kuwa niliogopa mbio za mama, na niliiogopa ile "haya" yake vilevile.

Baba akatokea chuoni, akanipokonya kopo. Alipiga magoti kwenye makapi mbele ya mama, mbele ya wanawake wote, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawakulifanya.

"Tatu, jana umelala?"

"Nimelala."

"Mawazo yanakwenda mbio?"

"Hayaendi."

"Unalia nini?"

"Namlilia mama yangu. Nina uchungu, Mwalimu. Nina uchungu sana."

Baba akalitia kopo mfukoni mwa kanzu. Akawageukia wanawake na kusema, "Mwachieni mikono. Leo ndiyo anamzika mama yake."

Wakamwachia. Bi Havijawa alisimama kidogo, halafu akakaa chini pembeni yake, akakiegemeza kichwa cha mama begani kwake, na wengine wakakaa, na uani kwetu pakawa msibani, miezi kadhaa baada ya msiba. Lakini pepeta haisubiri, ikipoa haitwangiki, basi wawili wakainuka wakaendelea kutwanga huku wakilia. Mimi nilitia mkono kinuni kuchota kidogo. Mama akaniona kupitia machozi yake.

"Somoe! Toa huo mkono mchafu humo, mwana usiye haya wewe!"

Nilikimbilia nyuma ya nyumba, nikacheka mpaka nikalia.

Ijumaa iliyofuata, katika mawaidha yake, baba aliwaambia watu kwamba alikosea. Alisema alisifu ugonjwa akidhani anasifu imani, na kwamba Mtume wetu alilia alipofiwa na mwanawe, na hakuna aliyekuwa na subira kumshinda. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, na halikuwa jambo jepesi kulisema.

Nami nilisoma dini baadaye, na nimewafundisha wanawake miaka mingi, na sura zinazotaja subira nazijua kwa moyo. Lakini subira yenyewe nilikuwa nimeiona nyumbani bila kuitambua. Kwa zaidi ya miaka thelathini mama alimeza dawa yake kila siku, siku alizojisikia mgonjwa na siku alizojisikia mzima, na hizi za pili ndizo ngumu zaidi. Alipanda boti kwenda kupimwa damu, mara nyingine akirudi na jibu la kuanza upya na kipimo kingine. Mara mbili sura ile ya ukuta ilimrudia, na mara mbili alisema mwenyewe, nipelekeni. Na kila Ramadhani alisimama jikoni akitupikia futari ambayo hakuwa ameifungia, kisha akajibanza nyuma ya mlango kunywa kikombe chake cha maji, mkono ukitetemeka, ili mimi, watoto wa chuo na wageni tusimwone. Mimi nilimwona. Niliona aibu kwa ajili yake, Mungu anisamehe, na nikageuza uso.

Siku aliyokaa na macho makavu, kijiji kizima kilimsifu. Nyuma ya mlango ule hakuna aliyemsifu.