Nanga ya Wambura na Saa Yangu Mkononi

Umeshawahi kuona boti ikilala ubavu katikati ya maji, mchana kweupe, hakuna upepo wala wimbi?

Mimi nimeiona. Nilikuwa ndani yake, nakula sambusa, na moyoni nacheka.

Ilikuwa Juni 1998. Wakati huo naishi Oxon Hill, Marekani, naendesha teksi Alexandria, ng'ambo ya mto.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Wambura, mtu wa Musoma. Alisoma miaka miwili Uholanzi, basi shida ikawa yetu sote. Ukimsalimia, Uholanzi. Ukimpa chai, Uholanzi. Debe tupu lenye digrii.

Bosi wake akasafiri, akamwachia boti yake ya matanga aiangalie. Hapo mabega yakapanda kabisa.

Shida yangu lakini haikuwa boti. Ilikuwa Edna. Tulikuwa tunamtaka wote wawili, na kila mmoja anajua.

Mama yake alikuwa amekuja kumtembelea kutoka Dodoma, na Jumapili ile anaondoka. Ndege saa kumi na mbili jioni, uwanja wa Dulles. Tiketi haibadilishwi, na Jumamosi inayofuata binti yake wa mwisho anaolewa. Baba alishafariki, kwa hiyo bila mama hakuna wa kumtoa binti nyumbani.

Wambura akasema atamuaga Mama kwa boti.

"Mama, saa nane mchana tumesharudi. Hiyo ni ahadi."

Na mimi nikaalikwa. Nadhani ili nione na niumie.

Saa nne asubuhi tukavuka mto Potomac, tukaingia kwenye hori moja tulivu, mkono wa mto ulioingia nchi kavu, upande wa Oxon Hill. Wambura akaanza somo.

"Unatafuta kona isiyo na upepo. Unapima kina. Nanga unaishusha polepole, hutupi kama takataka. Unarudi nyuma taratibu ili ing'ate tope. Halafu unachagua mti ufukweni. Mti usiposogea, ujue na wewe husogei."

Yote yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniudhi.

"Na kina kinatosha?" Edna akauliza.

"Tuna futi moja na nusu ya ziada chini ya boti. Kule ziwani Uholanzi tulikuwa tunalala na nusu ya hiyo. Maji unayoyaacha jioni ndiyo unayoamka nayo."

Ziwani, sawa. Ila Potomac pale unaifuata bahari, unajaa na kupwa karibu futi tatu. Mimi nimezaliwa Pangani, pwani. Nilitazama nguzo za gati lililokuwa karibu, maji yamefika kwenye alama ya juu kabisa. Yalikuwa yamejaa pomoni, na yakijaa hivyo hayana pa kwenda ila kurudi.

Neno moja lingetosha. Kaka, sogea kwenye kina.

Nikauchuna. Mwache msomi aumbuke mbele ya mama wa watu. Nikaangalia saa, nikachukua sambusa.

Saa tano nikaangalia tena. Saa sita tena.

Saa sita na nusu tukasikia mguno chini ya miguu. Bakuli la kachumbari likateleza taratibu mpaka mapajani kwa Mama Edna.

Wambura akatazama ufukweni. "Nanga imeshika," akasema. "Mti haujasogea."

"Mti haujasogea, kaka," nikamwambia. "Maji ndiyo yamesogea."

Saa nzima akahangaika na injini. Tukapata tope jeusi na moshi, basi.

"Tutatoka saa ngapi?" Edna akauliza.

"Maji yakirudi," nikasema. "Kama saa mbili usiku."

Nilisema kwa utamu ambao mpaka leo unanitia aibu.

Mama Edna alikunja kanga yake magotini. "Basi mwanangu ataolewa kama yatima," akasema.

Nikasubiri Wambura ajitetee. Jibu nilishaliandaa.

Hakujitetea. Akavua viatu. "Mama, kosa ni langu. Sikujua. Naomba nikubebe."

Akashuka. Maji ya kiuno, tope la magoti. Akageuza mgongo, akangoja.

Mama Edna akasimama, akashika ukingo wa boti, kisha akanigeukia.

"Cosmas, wewe si mtu wa Pangani?"

"Ndiyo, Mama."

"Tangu asubuhi nakuona unaangalia saa. Nikasema moyoni, huyu kijana ananihurumia, hataki nichelewe."

Nikaificha saa chini ya mkono wa shati.

Akapanda mgongoni kwa Wambura. Ufukwe ulikuwa kama hatua sitini. Njiani jamaa alipiga magoti mara moja, tope likamrukia mpaka kidevuni, lakini Mama hakulowa. Edna akafuata kwa miguu yake, viatu kichwani. Mimi hakuniangalia.

Mzee mmoja aliyekuwa anakata nyasi akawapa simu, wakaita teksi. Ndege Mama aliiwahi.

Kabla hawajaondoka Wambura alinipigia kelele kutoka ufukweni. "Kaka, niangalizie boti. Unayajua maji kuliko mimi."

Alisema bila kinyongo. Hata hakuwa ametambua kuwa nilijua tangu asubuhi.

Nikakaa peke yangu mpaka saa mbili, boti imelala, sambusa zimepoa. Nanga yake ilishika vizuri sana.

Mwaka uliofuata Wambura na Edna walifunga ndoa. Kadi niliipata. Sikwenda.

Ndugu msomaji, asiyejua anafundishika, siku moja atajua. Anayejua akanyamaza ili mwenzake aanguke, huyo sijui utamfundisha nini.