Vichwa Viwili Juu ya Mlango Mmoja

Kila ninapopita kwenye kibanda cha fundi wa simu hapa mtaani kwetu Buyenzi, na harufu ya lehemu inayoungua ikanifikia, hukunja uso kabla sijajua nimekasirikia nini. Wengine wakiisikia harufu ile hufikiria simu iliyoharibika. Mimi huona ua wetu wa Rumonge, nyuma ya soko: makaa mekundu, chuma cha kulehemu kikichovywa kwenye dawa na kufuka moshi mweupe unaochoma macho, na baba yangu ameinamia kichwa chake. Niseme mapema, msomaji wangu, tusije tukadanganyana. Hii si hadithi ya baba mpole aliyewachongea wanawe vinyago. Kile kichwa nilikichukia, aliyekitengeneza nilimchukia, na aliyekuja kukigombania nilimchukia zaidi.

Kichwa ninachokisema ni kichwa cha treni. Sisi Waswahili ile mashine inayovuta mabehewa tunaiita hivyo tu, kichwa, na hakuna anayeshtuka. Lakini Burundi haina reli hata ya kuazima, na majirani zetu hawakuwa na sababu ya kulijua neno letu. Lishike neno hilo, tutarudi kwake.

Baba alikuwa fundi bati. Alitengeneza faneli za kumiminia mawese, ndoo, koroboi na sinia, na kwa kazi hiyo tulikula. Babu yake alizaliwa Kigoma, akafanya kazi relini, kisha akaja huku kwa njia ya ziwa, akaoa. Baba alipokuwa mtu mzima alikwenda Kigoma kuzika jamaa, akaiona ile stesheni kubwa waliyoijenga Wajerumani, na akarudi na ugonjwa. Akataka kuijenga upya nyumbani, ndogo, vile ilivyokuwa enzi za Mwingereza, babu yake alipokuwa kijana. Kwa hiyo alihitaji meza ndefu iliyo sawa. Akaung'oa mlango wa chumba chao, ambacho sisi watoto tulikiita chumba cha Mama, akaulaza juu ya mapipa mawili chini ya paa la uani. Kwenye chumba akatundika pazia la kitenge.

"Siku mbili tatu tu," alisema.

Siku mbili tatu hizo nilianza darasa la kwanza, nikaingia la nne.

Nikubali jambo moja, maana hata adui apewe haki yake: mikono ya Baba ilikuwa na akili. Kwenye ule mlango alipaka ziwa kwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye mtumbwi wa mtu. Reli alizitengeneza kwa waya za miavuli, mataruma kwa vijiti vya kiberiti. Kichwa ndicho kilichomkondesha. Alikuwa na picha moja ya zamani, imefifia, aliyoitoa Kigoma, na picha hiyo ilionyesha nusu ya mbele tu ya kichwa. Nusu ya nyuma ilizibwa na bwana mmoja mwenye kofia. Basi Baba alikuwa anapambana na yule bwana kila siku. "Angesogea kidogo tu," alikuwa akisema kwa uchungu wa kweli.

Alianza vichwa vingi akavivunja. Kimoja kilikuwa na magurudumu makubwa mno. Kingine kilikuwa cha Mjerumani, na Baba hakutaka miaka ile. Enzi aliyoitaka walikuwa bado wanachoma kuni, kwa hiyo behewa dogo la nyuma ya kichwa lazima libebe kuni, si mafuta, na kuni zenyewe zipasuliwe kama zinavyopasuliwa, si vijiti tu vya mviringo. Boila ilikuwa kopo la dawa ya mbu. Taa ya mbele ilikuwa shanga ya mama yangu. Dohani, lile bomba la moshi, ilikuwa ganda la risasi, kitu ambacho watoto wa Rumonge wa umri wangu tulikiokota bila kuuliza kilitoka wapi. Mwishoni alikipaka masizi yaliyochanganywa na mawese, akakisugua magurudumuni kwa vumbi jekundu, kikaonekana kimetembea nchi nzima. Mtu asiyemjua angesema ana roho nzuri. Lakini nikikikaribia tu, alikuwa ananing'ata kwa macho.

Sasa aingie mjomba. Mjomba Ramazani alikuwa kaka mkubwa wa Mama, muuza mawese, mtu mnene mwenye Kirundi safi kuliko sisi sote. Ukoo wa Mama ulitoka Kalemie, upande wa Kongo, ambako Mbelgiji naye alikuwa na reli yake. Mjomba alikitazama kichwa cha Baba, akacheka puani.

"Mulamu," akasema, yaani shemeji, "hii dohani haiko ya kweli. Kwetu Kalemie iko pana juu, iko kama faneli."

"Kalemie iko ng'ambo ya ziwa," Baba akajibu. "Kichwa yenu ilifika Kigoma namna gani? Iliogelea?"

"Babu yangu aliendeshaka treni. Babu yako alibebaka kuni."

Hapo ndipo vita ilipoanza. Mjomba akamwendea fundi mwingine, akatengenezewa kichwa chake, kipana, chenye dohani ya faneli, akaja akakiweka katikati ya stesheni ya Kigoma. Baba akakirusha ukutani. Mjomba akakinyoosha, akarudi nacho. Mama, aliyekuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, pembeni, alisema siku moja tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba mlango una ncha mbili na ziwa liko katikati. Si kila mmoja akae upande wake? Wote wawili walimtazama kama mtu aliyekohoa msikitini.

Basi Baba akaapa mbele yetu. "Ndugu yako akigusa tena kichwa yangu, Mama Zaituni, utamufuata kwao na sanduku lako."

Mimi ndiye Zaituni. Usiku wa mtoto ni mrefu akishasikia maneno ya namna hiyo. Kuanzia siku ile sikuogopa mamba, wala shetani, wala mwalimu. Niliogopa mjomba asije akagusa lile kopo, mama yangu akaondoka.

Na aligusa. Ilikuwa Ijumaa. Wanaume wote walikuwa msikitini, na mjomba hakwenda, jambo ambalo peke yake lilitosha kumjua. Aliingia uani na mkasi wa bati, akaikata ile dohani ya ganda la risasi, akakificha kichwa cha Baba, akaweka cha kwake stesheni. Baba aliporudi, kanzu bado mwilini, nilisikia sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu.

"Ramazani! Umekata kichwa! Umekata kichwa hapa kwangu, na umeificha wapi? Nilisema, kichwa isiguswe tena hapa!"

Ukuta wetu ulikuwa wa matofali mabichi, mfupi. Ng'ambo yake aliishi Mama Odette, muuza ndagala, mwenye Kiswahili cha sokoni, na hakutupenda. Waswahili, kwake, tulikuwa waongo tangu tumboni. Na majuma yale pwani nzima, tangu Kabezi kuja kwetu, ilikuwa na uvumi wa wakata vichwa: eti kuna watu wanatafuta vichwa vya watoto wavifukie chini ya nguzo za daraja. Huko Magara wanawake walikuwa wameacha kuwatuma watoto ufukweni. Sasa Mama Odette anasikia ukutani, kwa lugha anayoielewa nusu, kwamba kichwa kimekatwa, kimefichwa, na si cha kwanza.

Sijui walifikaje wengi vile upesi vile. Lango letu lilisukumwa, ua ukajaa. Kulikuwa na fimbo, kulikuwa na mawe, na kulikuwa na nyuso za watu niliowasalimia kila asubuhi kwa amahoro. Mbele yao alisimama shefu wa katiye, mkuu wa mtaa wetu, anatoka jasho.

"Umutwe uri hehe?" akauliza. Kichwa kiko wapi?

Baba, maskini, alidhani hatimaye serikali imekuja kumtetea. Akajipiga kifua, akajibu kwa Kirundi chake kibovu: "Umutwe ni uwanje!" Kichwa ni changu. Kisha akamwonyesha mjomba kidole. "Mwizi ni yule!"

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Siku ile niliona mdomo mmoja ukiponza vichwa vya nyumba nzima. Wanawake walipiga kelele, mtu akamkaba Baba ukosi wa kanzu, jiwe la kwanza likapiga bati la paa.

Mtu mmoja tu mle uani alielewa pande zote mbili. Mjomba Ramazani alikuwa ameegemea pipa, mikono kifuani. Alijua walichokifikiria. Kwa sentensi moja ya Kirundi angemaliza yote.

"Yaya," Mama akamwambia kaka yake, "wewe unajua kusema. Waambie."

"Aseme kwanza," mjomba akajibu. "Aseme kichwa ya kweli iko ya wapi."

Msomaji wangu, soma tena hapo kama unadhani natia chumvi. Shemeji yake amekabwa, dada yake anamsihi, na yeye anataka dohani yake ikubaliwe. Na Baba je? Baba, ukosi mkononi mwa watu, shingo imepinda, akakohoa: "Kigoma!"

Nililia. Sikulia kwa sababu watamuua. Nililia kwa sababu nilijua wakimwacha hai, atakumbuka kiapo chake.

Mama hakulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Alikwenda kwenye kikapu chake cha mkaa, akachimba, akatoa kichwa cha Baba kilichokatwa dohani. Mpaka leo sijui alijuaje kilipo, labda alimjua kaka yake tangu utoto. Akapita kwenye ule mlango wenye reli, akabeba cha mjomba kwa mkono wa pili. Akawapenya wale watu wote, akaviweka chini, mbele ya viatu vya shefu.

"Shefu, vichwa munatafuta iko hivi," akasema. "Viwili. Na vyote iko tupu ndani."

Shefu akainama. Akakiokota cha Baba, akakitikisa sikioni, akazungusha gurudumu kwa kidole. Magurudumu yakazunguka vizuri, maana Baba hakufanya kazi mbovu.

"Na hii inakwenda wapi?" akauliza.

Mtoto mmoja akacheka, akafuatiwa na mwingine, kisha ua mzima. Walicheka kuliko walivyokuwa wamekasirika. Waliondoka wakicheka, wakisukumana langoni, na mmoja akaniambia murakoze, asante, sijui kwa lipi. Mama Odette alitoka mwisho, akalitupa jiwe lake kwenye mchicha wetu bila kuomba radhi.

Baba alikuwa ameyavumilia mawe. Kicheko hakukiweza. Alijikung'uta kanzu, akamgeukia Mama, wala si mjomba.

"Umenivua nguo mbele ya watu. Fungasha."

"Fungasha, twende," mjomba naye akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakikubaliana.

Mama aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Watu wanasema mume iko kichwa ya nyumba," akasema. "Sawa. Lakini mimi siko behewa. Huyu hanifungi, na wewe hunifungui."

Kisha akachukua ufagio. Aliifagia Kigoma yote. Matao, ghala, gati, reli za miavuli, picha ya yule bwana mwenye kofia, vyote vikaenda chini kwa mikupuo michache, na wale wanaume wakatazama bila kusogea. Nilitegemea ataingia ndani atoke na sanduku. Badala yake akaushika ule mlango, akauinua, akaubeba kichwani mwake, akaingia nao. Bawaba zilikuwa bado kwenye fremu. Aliupachika mwenyewe, huku mimi nikishika chini, ziwa la buluu likitazama nje, limesimama wima, limejaa matundu ya misumari. Akaufunga. Nikasikia komeo.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama cha vichwa. Nikadhani hatari ilikuwa ni kufukuzwa kwake, na ushindi ni kwamba hakufukuzwa. Mpaka nilipoolewa nami, nikaishi kwa wakwe katika chumba chenye pazia, ndipo nikaelewa mama yangu alikuwa amenyimwa nini muda wote ule. Pazia halina komeo. Nyuma ya pazia huwezi kulia, huwezi kumkatalia mtu, huwezi hata kununa, maana kila mtu anaingia, na hakuna anayekuomba ruhusa. Wale wawili walikuwa wakigombania nani ametoka kwenye reli ya maana zaidi, katika nchi iliyokuwa ikituambia turudi kwetu kila ikikasirika, na hilo nalielewa, hata linaniuma. Lakini walikuwa wakigombana juu ya mlango wa mtu. Sijawasamehe, na sioni haraka.

Mjomba aliondoka na kichwa chake kwapani. Baba alikaa uani mpaka adhana ya alasiri, akiokota waya. Kisha akaja mbele ya ziwa lake mwenyewe, akasimama. Alitaka kuingia kama alivyozoea, mkono ukagonga mbao. Akanitazama mimi, nami sikumsaidia.

"Hodi," akasema.

Kimya.

"Hodi, Mama Zaituni."

Nanyi mnajua desturi yetu: hodi ni mara tatu, ukikosa jibu unarudi ulikotoka. Baba akasema ya tatu, polepole.

Mama hakusema karibu. Akauliza, "Nani?"