Kiti Changu cha Nyuma

Kila nikisikia harufu ya petroli kwenye tambara la fundi, narudi uani kwetu Chuno, baba kakiinamia kigari alichokiunda mwenyewe kwa mabati na injini ya pikipiki. Kila jioni alisafisha kabureta, kisha akatafuta cha kupunguza ili kiwe chepesi zaidi. Aling'oa milango. Akang'oa boneti. Siku moja akashika spana, akakitazama kiti changu cha nyuma.

"Baba watoto, na huyu binti atakaa wapi?" mama aliuliza, huku akijaza muhogo mkavu guniani.

Baba aliinama na spana yake. Alikifungua kiti, akaenda kukijaribu kigari kwenye mchanga wa Ufukoni. Magurudumu ya nyuma yakazunguka pale pale. Uzito wa kuyakandamiza haukuwepo. Akarudi katota jasho, akakifunga kiti, akanipakia. Mchanga ule ule tukaupanda bila taabu.

"Kumbe kilikuwa kinakutaka wewe," alisema.

Tangu hapo hakutoka bila mimi, nami nikaringa mtaa mzima.

Lile gunia la muhogo lilikuwa pale pale uani, zito kuliko mimi, nalo lingeyakandamiza magurudumu vilevile. Baba hata hakulitazama.