Viatu Mlangoni kwa Mjomba Theophil

Mjomba Theophil si mjomba wangu wa damu. Anakaa ghorofa ya tatu, sisi ya pili, hapa Fridley, ughaibuni, na kwa kuwa yeye na mama wote ni wa Bukoba, basi ni mjomba. Alikuja kusoma chuo kikuu, akamaliza, akabaki kwenye maabara akilea viwavi. Sitanii. Ni wale viwavi weupe wanaokula nta kwenye mizinga ya nyuki. Anawachoma kwa sindano nyembamba kama unywele, yenye fangasi wanaoua wagonjwa hospitalini, kisha anangoja.

"Kwa nini viwavi?" niliwahi kumwuliza.

"Damu yao ina askari wanaomeza vijidudu, kama yetu. Na wanahimili joto la mwili wa mtu. Dawa ikimwokoa kiwavi, ndipo tunathubutu kuijaribu kwa panya."

Kiwavi mzima ana rangi ya maziwa. Akiugua anageuka mweusi. Kundi jingine huchomwa maji ya chumvi tu, ijulikane kama sindano yenyewe ndiyo inayoua. Kila siku, saa kumi kamili alasiri, mjomba humgusa mmoja mmoja kwa kikoleo. Asiyejongea anaandikwa amekufa. Na kila siku ni kila siku: Jumamosi ya harusi, Jumapili ya ubatizo. Mzee Nasibu wa New Hope, mji wa jirani, alipofiwa na baba yake, mjomba alifika watu wameshatawanyika. Tangu hapo Nasibu humwita mchungaji wa funza, na watu wakaacha kumwalika.

Jumamosi moja ya Februari 2006 nilipanda kwake asubuhi kumwuliza kuhusu mradi wangu wa sayansi. Nikakuta makochi yamesukumwa ukutani, mkeka umetandikwa sebule nzima. Mlangoni, viatu vyake tu.

"Shikamoo, mjomba. Unahama?"

"Marahaba. Sihami."

"Unapaka rangi?"

"Njoo kesho, mwanangu." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikadhani mafua.

Nilishuka nikamwambia mama kwamba mjomba anafanya usafi. Kisu chake kikaishia katikati ya kitunguu.

"Makochi kayasogeza yote? Na mkeka katandika?"

"Ndiyo."

"Maskini Theophil! Amefiwa huyo, na hajamwambia mtu."

Mimi nimezaliwa huku. Sikujua kwamba penye msiba viti huondolewa, watu wakae chini.

Tulipanda wote wawili. "Ni mama," mjomba alisema. "Alhamisi."

"Mbona hukupiga simu?" mama akauliza.

"Nimpigie nani, Redempta? Misiba yao sikukaa. Nikatandika tu. Nikasema labda mtu atapita."

Siku mbili alikaa kwenye mkeka ule, akitoka tu kwenda kuhesabu.

Mama akashika simu. Kufika saa nane walikuwa watu kumi na mmoja. Jeptoo, jirani yetu Mkenya, alileta birika la chai. Nasibu alikuja na sufuria ya wali, akaketi karibu kabisa na mjomba, wala hakutaja ya zamani. Saa tisa na nusu mjomba akainuka.

"Mfiwa, wapi tena?" Nasibu akauliza.

"Kuhesabu. Leo ni siku ya tano. Nikikosa, jaribio lote limeharibika."

"Hata leo? Hao funza wako hawajui kutoa pole?"

Watu wakacheka kidogo. Mama akanisukuma bega. "Mfuate. Mfiwa hatembei peke yake."

Maabara ilikuwa tupu. Kabati la joto lilinguruma peke yake. Mimi nilishika kalamu, yeye kikoleo. Wa maji ya chumvi walikuwa wazima wote. Upande wa wagonjwa, wa mwisho alikuwa mweusi tii. Mjomba akamgusa. Akamgusa tena. Mara ya tatu akangoja sana, nami nikangoja.

"Mwandike," alisema.

Tulipokuwa garini tukivuka mto, alisema: "Watakuwa wameondoka. Barabara inaganda." Halafu, kama anajisemea: "Hata mimi ningeondoka."

Kwenye korido alisimama kabla ya kufika mlangoni. Viatu vilikuwa vimepungua. Akainama, akavihesabu kwa kidole bila kuvigusa: vya mama, vya Jeptoo, vya mtu nisiyemjua, na mabuti makubwa ya theluji ya Nasibu.

"Jozi nne," alinong'ona.

Akavua vyake, akavipanga mwishoni. Alishika kitasa kwa muda mrefu. Kisha akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe.