Mstari wa Tano Kwenye Kibao cha Mtaa

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, Darnita Hollowell amepiga goti moja sakafuni mbele ya boila, mtambo wa mvuke unaopasha jengo joto, sikio lake kaliegemeza karibu na pampu. Anasikiliza. Juu yake, ghorofa tatu za shule ya msingi ziko gizani, na nje kuna ile baridi ya kwanza ya Oktoba ya Chicago inayowakuta watu makoti yao bado yako sandukuni.

"Huyu anakohoa," anasema, akiigonga pampu kwa mpini wa bisibisi. "Kalala kiangazi kizima, sasa akiamshwa ananuna."

Anafungua valvu, anasubiri, anafunga kidogo. Mabomba yanaanza kugonga ukutani, moja baada ya jingine, mvuke ukipanda. Saa mbili watoto mia sita na arobaini wataingia madarasani, na kama yeye hakukosea, hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na mtu huku chini. Katika miaka ishirini na miwili amekosea mara mbili. Tarehe zote mbili anazo kichwani.

Darnita ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na ndiye fundi mkuu wa jengo hilo. Alianza kama mfagiaji. Alisoma jioni kwa miaka minne ili apate leseni ya boila, akafeli mtihani wa kwanza, akarudia. Leo analipwa dola arobaini na moja kwa saa, ana bima ya matibabu, ana pensheni inayomsubiri, na ana nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu upande wa kusini wa jiji.

"Watu wakisikia tabaka la kati wanadhani ni mawakili na madaktari," anasema huku akijifuta grisi. "Mtaani kwetu tabaka la kati linavaa ovaroli."

Hakosei. Mtaa wake una nyumba thelathini na nne, na ukipita kugonga milango utakutana na wapeleka barua, madereva wa treni, wauguzi, walimu wastaafu na askari magereza wawili. Familia za watu weusi za namna hii zimeongezeka katika miji ya Marekani, na kila baada ya muda fulani wataalamu huja na michoro yao inayopanda kama ngazi. Mwandishi wa makala haya ni jirani wa mtaa wa pili na ameishi jiji hili miaka kumi na tisa. Michoro hiyo imemchosha. Haisemi mtu alimkanyaga nani alipokuwa anapanda, wala usingizi wake ukoje baada ya hapo.

Mwanzoni mwa mtaa wa Darnita kuna kibao cha bati, kijani, chenye maandishi meupe. Kinakukaribisha, kisha kinakuonya. Usicheze mpira barabarani. Usioshe gari. Usipige muziki kwa sauti. Usikae vikundi kwenye kona. Mstari wa tano unasema usitengeneze gari. Vibao kama hivyo viko vingi upande wa kusini, na kila kimoja ni kazi ya chama cha mtaa, yaani wenye nyumba wenyewe, wanaokutana sebuleni kwa mtu mara moja kwa mwezi, wakila keki na kugombana kwa adabu.

"Mstari wa tano ni wangu mimi," Darnita anasema.

Ili kulielewa hilo ni lazima umjue baba yake. Otha Hollowell alikuwa fundi magari asiye na gereji. Aliegesha magari ya watu kando ya barabara, magharibi mwa jiji, akaingia chini yake kiangazi na kipupwe, na kwa kazi hiyo akamlea Darnita na kaka yake Rodell. Watoto hao walikwenda shule wakinuka petroli. Wenzao walishika pua.

"Nilimpenda baba na nikamwonea haya, kwa pamoja," anasema. "Kila nilipojiwekea akiba ya nyumba, nilikuwa najiambia: mtaa nitakaohamia, sitaona miguu ya mtu ikichungulia chini ya gari."

Miaka kumi na mmoja iliyopita akahamia. Jumamosi ya kwanza akafungua pazia, akaiona miguu. Ilikuwa ya Bwana Wendell Tolbert, dereva wa basi mstaafu wa nyumba ya tatu kutoka kwake, aliyekuwa amelala chini ya gari lake la zamani aina ya Oldsmobile.

Mkutano wa kanuni uliofuata, Darnita alinyoosha mkono. "Nilisema, 'Tumehamia hapa ili tusiyaone mambo haya.' Tumehamia, mimi na nani? Mzee yule alikuwa na miaka thelathini pale. Mimi nilikuwa na miezi mitatu."

Wakapiga kura. Walikuwa watu wa heshima wanaoogopa kile kile alichokiogopa yeye, mtaa kuporomoka ukawarudisha walikotoka, kwa hiyo kanuni ikapita bila taabu. Bwana Tolbert alikuwapo. Alichukua kofia yake, akamwambia Darnita, "Haya, binti," akaenda zake. Mwaka haukuisha akaliuza gari. Miaka minne baadaye akafariki.

Darnita akawa mwanachama mzuri, kisha mwenyekiti.

Vuli ya mwaka jana ghala la vipuri alikofanya kazi Rodell kwa miaka kumi na minane lilifungwa. Rodell, ambaye sasa ana miaka hamsini na sita, alikuja kwa dada yake na masanduku mawili, akakaa chumba cha chini ya nyumba. Alikaa kweli. Darnita akitoka alfajiri anamwacha kwenye kiti, akirudi mchana anamkuta kwenye kiti hicho hicho, ameuelekea ukuta.

Mwezi wa Februari gari la muuguzi wa nyumba ya mbele liligoma kuwaka kwenye theluji. Rodell akatoka na ndara miguuni, akafungua boneti, dakika kumi likawaka. Wiki iliyofuata muuguzi alimleta mwenzake. Kufika Machi nusu ya mtaa ilikuwa imepita kwa Rodell, ila walikuja wakiangalia nyuma, kama watu wanaokwenda kununua gongo.

"Mmoja ni shemasi," Rodell alimweleza mwandishi huyu, akicheka hadi akashika mbavu. "Ananinong'oneza, 'Ndugu Rodell, breki zangu zinalia.' Nikamwambia, 'Shemasi, labda nazo zimesikia mahubiri yako.'"

Alianza tena kuimba bafuni. Alianza kula. "Nilikuwa nimempoteza kaka yangu na yuko ndani ya nyumba yangu," Darnita anasema. "Akarudi."

Kisha barua ikaingia kwenye sanduku la mwenyekiti. Haikuwa na jina la aliyeiandika. Ilisema kuna mtu anatengeneza magari mtaani kinyume cha kanuni, ikataja namba ya nyumba, na nyumba hiyo ilikuwa ya mwenyekiti. Malalamiko ya chama husomwa na mwenyekiti, kwa sauti, mbele ya wote. Darnita akaisoma mwezi wa Aprili, sebuleni kwa katibu, Bi Eulalie Battiste, mwalimu mstaafu anayewaita wote kwa majina yao ya kwanza, kama wanafunzi wake. Shemasi aliangalia viatu vyake kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Bi Battiste hakuzungusha maneno. "Mstari huo uliuleta wewe, Darnita. Kanuni zinabadilishwa mkutano wa Mei. Ukisema ufutwe tutafuta, ukisema ubaki utabaki. Lakini useme kwa kinywa chako. Usitutume sisi."

Jumapili iliyofuata mwandishi alialikwa chakula nyumbani kwao. Kulikuwa na sukumawiki iliyopikwa na mfupa wa nguruwe, mkate wa mahindi, na ndugu wawili waliokuwa hawatazamani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Rodell alianza, "futa huo mstari tule kwa amani."

"Nifute niseme nini? Kwamba mzee wa watu alikuwa anachafua mtaa, ila wewe hauchafui kwa sababu tumenyonya ziwa moja?"

"Mimi sikumfukuza huyo mzee."

"Ndicho ninachokwambia. Nilimfukuza mimi."

Rodell aliukata mkate wake vipande vidogo vidogo, asile hata kimoja. "Unajua baba angekusikia siku ile ungemuua."

"Asingesema kitu," Darnita alijibu. "Angechukua kofia yake."

Rodell akainuka, akaanza kuosha sahani.

Jumamosi iliyofuata Darnita alioka keki ya limau, akatembea nyumba tatu, akagonga kwa mjane wa Bwana Tolbert. Bi Ernestine Tolbert ana umri wa miaka themanini na minne. Wanawake hawa wawili wamesalimiana kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Hawajawahi kulizungumza jambo hili. Yaliyosemwa siku hiyo kila mmoja alimsimulia mwandishi kwa wakati wake, na hawakupishana.

"Kwenye msiba ulileta kuku," Bi Tolbert alimwambia kabla hajaketi. "Neno hukuleta."

Darnita akasema alikuja kulileta. Akaeleza yote, baba yake, petroli, lile pazia. Bi Tolbert alimwacha amalize.

"Lile gari halikuwa bovu, mwanangu. Lingekuwa bovu angelipeleka gereji. Wendell alikuwa anataka pa kwenda Jumamosi. Wanaume wa mtaa walikuwa wanakuja kusimama pale, wanabishana habari za besiboli, huyu anashika taa, yule anashika spana, saa nne zinakwisha. Baada ya kanuni yako wangesimamaje pale? Akawa anakaa sebuleni na mimi, na mimi na yeye maneno yalishatuishia zamani."

Darnita alilia. Halafu, akiwa bado anajifuta macho, akalitaja jina la Rodell. Bi Tolbert akainua kiganja.

"Umekuja kuomba msamaha au umekuja kuomba kura? Siku moja sitoi vyote viwili. Chagua."

Kura ya mjane huyu ndiyo pekee aliyoitaka. Bila yeye asingethubutu kuufuta mstari ule, hata mtaa mzima ungekubali. "Nilimwona kaka yangu kwenye kile kiti, ameuelekea ukuta," anasema. "Nikamwona na mzee kwenye kiti chake. Nikasema, msamaha."

Bi Tolbert akampa. Akakata keki, wakala, wakaongea habari za kanisa.

Kwenye mkutano wa Mei, Darnita alisimama akawaambia wenzake kwamba mstari wa tano ubaki mwaka huu. Aliwaeleza alivyomtenda Bwana Tolbert, akasema hawezi kuifuta kanuni hiyo mwaka ule ule ilipogusa damu yake. Aliyeandika barua ile, kama alikuwapo, hakujitokeza. Waliotengenezewa breki nao hawakujitokeza. Bi Tolbert alikaa nyuma na mkoba mapajani.

Rodell alipanga spana zake kwenye sanduku usiku ule, na Juni akahamia Gary, mji wa jimbo la jirani, kwa binamu yao mwenye gereji ndogo. Anapata karibu dola mia tano kwa wiki, wiki nyingine pungufu. Analala chumba cha nyuma ya gereji.

"Angenuna ingekuwa nafuu," Darnita anasema. "Alinikumbatia mlangoni. Akasema, 'Dada, mimi ningechagua kura. Ndiyo maana sijawahi kuwa mwenyekiti wa kitu.'"

Alfajiri hii chumba cha boila kimeshapata joto. Darnita anavua koti, anaandika kipimo cha mvuke kwenye daftari lililochakaa, kisha anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kikombe cha kahawa. Anasema chumba cha chini hajakipangisha, ingawa ameombwa mara mbili. Anampigia Rodell kila Jumapili baada ya ibada. Mara nyingine anapokea.

Je, anajuta? "Najuta la miaka kumi na mmoja iliyopita. La Mei silijutii. Linaniuma tu, na hayo ni mambo mawili."

Mpango wake ni mfupi. Mkutano wa kanuni ni Mei ijayo. Theluji ikiyeyuka atatembea tena zile nyumba tatu, safari hii mikono mitupu, aombe kura. Akipewa, atasimama mbele ya chama aseme mstari ufutwe kwa ajili ya kila mtu, kisha ataendesha mwenyewe mpaka Gary kumchukua kaka yake. Akinyimwa, anasema, itakuwa ni haki ya aliyemnyima, na Rodell atabaki huko.

Mwandishi alimuuliza Bi Tolbert atajibu nini siku hiyo ikifika. Alikuwa amekaa kibarazani, amejifunika blanketi la sufu magotini, akiitazama barabara iliyo safi na tupu, Jumamosi, saa tano asubuhi.

"Sijui," alisema. Akaitazama tena ile barabara. "Lakini Mei ni mbali kwa mtu wa umri wangu. Mwambie aje upesi."